Mshtakiwa ameachiwa huru. Je, mahakama imesema mdogo wangu ni mwongo?

BARUA

Shikamoo mama. Mimi nimeolewa, naishi Mtwara mjini, ila kwetu ni huko juu uwandani, kwenye mikorosho. Nakuandikia habari ya mdogo wangu wa kike, ana miaka 22. Naomba usitaje jina langu wala kijiji.

Msimu uliopita, korosho zilipoanza kupokelewa, baba alimtuma ghalani kwenye chama cha msingi kufuatilia upimaji wa gunia zetu. Giza lilimkuta njiani. Akakutana na jirani yetu, mtu anayefahamika, ndiye anayekopesha watu salfa ya kupulizia mikorosho halafu anawadai wakiuza. Baba naye anadaiwa. Huyo mtu alimbaka shambani. Mdogo wangu akarudi nyumbani, akaoga, akalala, na nguo mama akazifua bila kujua. Siku ya tatu ndipo alipomwambia mama. Wakaenda polisi, dawati la jinsia, akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kupimwa hospitali, na daktari akaandika kwamba hakuona jeraha.

Kesi imekwenda mahakama ya wilaya. Mtu huyo alikana. Alisema amebambikiwa kwa sababu anamdai baba, akaleta na mashahidi wake. Wakili wake alimuuliza mdogo wangu kwa nini hakupiga kelele. Akajibu, "Sijui." Akamuuliza kwa nini alikaa siku mbili kimya. Akajibu, "Sijui." Halafu tarehe. Hati ya mashtaka ilisema tarehe 20, mdogo wangu akasema yeye anakumbuka ilikuwa siku korosho za baba zilipopimwa, wakili akatoa stakabadhi ya ghala inayoonyesha zilipimwa tarehe 22. Mdogo wangu akaanza kulia.

Jumatatu ya wiki iliyopita hukumu imesomwa. Hakimu amesema upande wa mashtaka umeshindwa kuthibitisha kesi bila kuacha shaka, mshtakiwa ameachiwa huru. Siku ile ile jioni walipiga ngoma kwao. Sasa kijijini wanasema mahakama imethibitisha kwamba alisema uongo. Mjomba wetu mkubwa ameitisha kikao, anataka twende kwa yule mtu kuomba radhi tukiwa na mbuzi wawili, eti asije akamfungulia mdogo wangu kesi ya kutoa ushahidi wa uongo. Mdogo wangu hatoki ndani. Usiku aliniambia, "Dada, ningejua ningenyamaza tu. Nilinyamaza kwa sababu ya deni la baba, na bado haikusaidia."

Mama, mahakama imesema mdogo wangu ni mwongo? Anaweza kufungwa? Na tukaombe radhi?

Dada mtu, Mtwara

MAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na umfikishie mdogo wako pole yangu kabla hujamsomea mengine.

Maswali yako matatu nayajibu kwanza, maana najua ndiyo yanayokunyima usingizi. Kwa maneno uliyoniandikia, mahakama haikusema ni mwongo. Kuachiwa kwa yule bwana peke yake hakuwezi kumfunga mdogo wako. Na radhi msiende kuomba.

Sasa tukae na hilo neno "shaka", kwa sababu kijijini wamelichukua wakalipa maana isiyokuwa yake.

Katika kesi ya jinai, mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha chochote. Mzigo wote ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, na Sheria ya Ushahidi imeweka kiwango: hakimu asimtie mtu hatiani mpaka kesi ithibitike bila kuacha shaka ya maana. Shaka inayosemwa hapa ni ile yenye mguu wa kusimamia, inayotoka kwenye ushahidi wenyewe. Wazo la mbali la "huenda, nani ajuaye" halitoshi kumwachia mtu. Hakimu akibaki na shaka ya maana, hata kama moyoni anaona jambo hili huenda lilitokea, sheria inamwamuru amwachie mshtakiwa. Kubaka kwa mtu mzima adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Ndiyo maana kizingiti kimewekwa juu, nami sitamwambia msomaji wangu yeyote kwamba kishushwe. Kesho atakayesimama kizimbani kwa jambo asilolifanya anaweza kuwa mwanao au kaka yako.

Kwa hiyo hakimu anaposema "haikuthibitika", anasema kilichofika mezani kwake hakikutosha kumfunga mtu miaka 30. Hasemi kwamba hakuna kilichotokea. Angeweza kusema hivyo. Wako mahakimu wanaoandika waziwazi kwamba shahidi fulani ametunga. Kama wa kwenu aliandika hivyo, utalikuta kwenye hukumu, na usipolikuta, hakuna mtu kijijini mwenye haki ya kuliongeza.

Tena kuna jambo umelitaja kwa kupita, nami nimelishika. Umesema yule bwana alijitetea na kuleta mashahidi. Upande wa mashtaka unapofunga ushahidi wake, hakimu hujiuliza kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Angeona hakuna kitu, angemwachia pale pale, asingeitwa kujitetea. Yeye alikutwa na kesi ya kujibu. Hatua hiyo haina maana kwamba mdogo wako alikuwa ameaminiwa moja kwa moja, ila ushahidi wake ulionekana wa kutaka majibu. Mwambieni mjomba hilo. Na mwambieni pia kwamba ushahidi wa makosa ya kujamiiana husikilizwa faragha, sheria ndivyo ilivyo. Hao waliopiga ngoma hawakumsikia mdogo wako akieleza. Wamesikia neno moja tu la mwisho.

Najua utaniuliza: mama, si tunaambiwa ushahidi wa aliyebakwa unatosha peke yake? Ni kweli. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya muathirika peke yake, asiwepo aliyeona, lisiwepo jeraha, ilimradi hakimu aridhike kwamba anachosikia ni kweli na aandike sababu za kuridhika kwake. Mahakama ya Rufani katika kesi ya Selemani Makumba, iliyomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 2006, ilisema ushahidi wa kweli wa kubakwa unatoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Mawakili wa serikali karibu wote wanainukuu. Lakini Mahakama hiyo hiyo imekuja kusema baadaye, na kurudia, kwamba maneno ya muathirika hayapokelewi kama msahafu. Lazima yapimwe. "Yanatosha peke yake" na "yanapimwa" ni mambo mawili yanayokwenda pamoja, na watu wengi wameshika la kwanza wakaliacha la pili. Kwa kweli maneno yanapokuwa peke yake ndipo hupimwa kwa makini zaidi, kwa sababu hakuna kingine cha kuyaegemeza.

Yanapimwaje? Nianze na kelele na jeraha, kwa sababu hapo sheria iko upande wa mdogo wako. Kanuni ya Adhabu inasema wazi kwamba si lazima kuwe na alama za kupigana ndipo ionekane hakukuwa na ridhaa. Mwanamke anaweza kuganda mwili mzima, asitoe sauti. PF3 isiyo na jeraha, tena ya siku ya tatu, haisemi kwamba hakubakwa. Kama hakimu alimwachia mshtakiwa kwa sababu hiyo peke yake, kosa ni la hukumu, na ni hoja ya rufaa.

Tarehe ni jambo jingine, na hapa nasikitika. Mdogo wako alitaja siku kama sisi wengi wa kusini tunavyotaja siku msimu ukifika: siku ya kupima, siku ya mnada, siku malipo yalipoingia. Nani kijijini anatembea na kalenda? Lakini hati ya mashtaka ilitaja tarehe 20, na ushahidi ukaelekea tarehe 22. Mshtakiwa anaandaa utetezi wake kwa tarehe aliyosomewa, akieleza siku hiyo alikuwa wapi na nani. Ndiyo maana mahakama zinakazia kwamba ushahidi ulingane na hati, na kesi nyingi zimeanguka kwa tofauti ya namna hii. Dawa yake ipo. Upande wa mashtaka ukiona ushahidi umekwenda kwingine, unaomba hati irekebishwe kabla ya kesi kuisha, na mshtakiwa anasomewa upya apate nafasi ya kujibu. Kazi hiyo si ya shahidi. Mdogo wako asijilaumu hata kidogo kwa tarehe.

Nimebaki na lile la siku mbili za kimya, ambalo naona ndilo lililobeba kesi nzima.

Mahakama ya Rufani ilisema zamani, katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita, kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo anaipa mahakama uhakika mkubwa wa kumwamini, na kwamba kuchelewa kusikoelezwa kunapaswa kuifanya mahakama makini ijiulize. Nakuomba urudie kusoma hapo: kuchelewa *kusikoelezwa*. Mahakama haikusema aliyechelewa ni mwongo. Zimekuwepo kesi ambazo mtoto au mwanamke alikaa siku nyingi kimya, akaeleza kwamba alitishiwa au aliogopa, maelezo yakaingia akilini, na mahakama ikamwamini.

Mdogo wako alikuwa na maelezo. Alikwambia wewe usiku, chumbani: alinyamaza kwa sababu baba anadaiwa salfa na mtu yule yule. Binti wa miaka 22 alipiga hesabu njiani akiwa anatetemeka, akaona akisema, deni litadaiwa kesho asubuhi, na korosho za baba zimeshapimwa lakini fedha bado. Mtu yeyote aliyelelewa kwenye mikorosho anaielewa hesabu hiyo. Na hakimu naye angeielewa. Ila mahakamani alijibu "sijui".

Ona basi kilichotokea. Deni lile lile lilitajwa mahakamani na upande mmoja tu. Mshtakiwa alilitumia kuonyesha kwamba familia yenu ilikuwa na sababu ya kumbambikia. Upande wenu haukulitaja kuonyesha kwa nini binti alinyamaza. Hakimu haruhusiwi kulijazia pengo hilo kichwani mwake, hata angekuwa amezaliwa kijiji cha pili. Anahukumu kwa kilichomo kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu iliyoandikwa ya yote yaliyosemwa mahakamani. Akiwa na deni lililoelezwa kwa namna moja, na kimya kisichoelezwa kabisa, tayari ana shaka yenye mguu.

Baada ya maswali ya dodoso, yale anayoulizwa shahidi na wakili wa upande wa pili, mwendesha mashtaka hupewa nafasi ya kumhoji shahidi wake upya ili kufafanua yaliyotatanishwa. Ilitosha swali moja la upole: "Uliwaambia mahakama hujui kwa nini ulikaa kimya. Ulikuwa unaogopa nini?" Kama liliulizwa au halikuulizwa, mwenendo wa kesi utaonyesha. Nawaomba waendesha mashtaka wanaosoma safu hii walichukue hili kwa uzito. "Sijui" ya mtu anayelia mbele ya wakili mgeni mara nyingi maana yake ni "siwezi kulisema hapa", na mtu wa pekee anayeweza kumfungulia mlango ni aliyemleta pale. Akae naye kabla ya siku ya ushahidi. Asimfundishe la kusema, amuulize tu habari nzima, kimya kikiwemo.

Sasa mfanye nini. Siku zinakwenda, kwa hiyo hapa usipumzike.

Wewe na mdogo wako hamuwezi kukata rufaa wenyewe, kwa sababu kesi ni ya Jamhuri. Anayeweza ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na ana siku 30 tangu hukumu kutoa kusudio la kukata rufaa, na siku 45 kuiwasilisha, ingawa muda wa kusubiri nakala hautahesabiwa. Jumatatu ya wiki iliyopita maana yake zaidi ya wiki imeshaliwa. Uko Mtwara mjini, ofisi ya mashtaka ya mkoa iko hapo hapo. Nenda umwone wakili wa serikali, umpe namba ya kesi, umwambie mnaomba hukumu ipitiwe. Na umwambie kuhusu "sijui" mbili na kuhusu tarehe. Rufaa hiyo itasikilizwa Mahakama Kuu, Mtwara.

Sitakudanganya kuhusu matumaini. Mahakama Kuu itaupima upya ushahidi ulioandikwa, lakini haitamwona mdogo wako usoni, na kwa kawaida inaheshimu tathmini ya hakimu aliyemwona. Maelezo kuhusu deni hayamo kwenye kumbukumbu, na si rahisi kuyaingiza sasa. Wala kesi hairudishwi kuanza upya ili Jamhuri izibe mapengo yake. Hiyo ni kanuni ya tangu kesi ya Fatehali Manji ya mwaka 1966, na mahakama zetu zinaifuata mpaka leo. Kama hakimu alikosea kuhusu jeraha na kelele, mna hoja. Kama aliegemea kimya na tarehe, njia ni nyembamba. Wakili wa serikali atakuambia baada ya kuisoma hukumu, naye akisema haifai, muulize sababu, ni haki yenu kuelezwa.

Kuhusu hofu ya mjomba. Kutoa ushahidi wa uongo ni kosa, ndiyo, na linaweza kumfikisha mtu jela miaka saba. Lakini ni kesi yake yenyewe, yenye hati yake, na upande wa mashtaka lazima uthibitishe, bila kuacha shaka vile vile, kwamba alisema uongo akijua ni uongo. Tena sheria inakataza mtu kutiwa hatiani kwa kosa hilo kwa ushahidi wa shahidi mmoja pekee. Kuachiwa kwa yule bwana hakuthibitishi lolote kati ya hayo. Anaweza pia kufungua madai kwamba alishtakiwa kwa hila. Huko ni yeye atakayebeba mzigo wa kuonyesha kwamba hakukuwa na sababu ya msingi na kwamba kulikuwa na nia mbaya, naye alikutwa na kesi ya kujibu.

Mbuzi wawili hao ndio hatari. Mkienda nao, mbele ya wazee, mnatengeneza wenyewe ushahidi ambao leo haupo: kwamba familia imekiri. Mjomba ana sauti kwetu, na simwombi mtu amvunjie heshima. Mwendeeni mkiwa na nakala ya hukumu mkononi, akae msomee sehemu ile hakimu alipochambua ushahidi. Mjomba anayejua kwamba binti wa dada yake hakuitwa mwongo anaweza kuwa ngao yenu kijijini.

Nanyi upande wenu mchunge ndimi. Yule bwana kisheria hana hatia. Msimwite mbakaji gengeni, msiandike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Najua inauma kunyamaza wakati wao wanapiga ngoma. Lakini neno hilo likitoka hadharani leo, kesi ya kashfa ni rahisi kwake kuliko ile ya ushahidi wa uongo. Na deni la baba lilipwe kivyake, kwa maandishi, mtendaji wa kijiji akishuhudia, atakayelipeleka asiwe mdogo wako.

Mama naye asiendelee kujiumiza kwa zile nguo. Hakujua. Kwa wasomaji wengine nasema: likimkuta mtu, nguo zisifuliwe, na hospitali afike ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya muda huo, ushahidi uwepo usiwepo.

Mdogo wako anasema angejua angenyamaza. Usibishane naye. Mchukue aje kukaa kwako mjini kwa muda, mbali na zile ngoma, umpeleke kwa afisa ustawi wa jamii au kwa mshauri hospitalini, mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza tu. Akiwa tayari, msomee barua hii, hasa pale nilipoandika kuhusu hesabu aliyoipiga njiani. Ajue kuna mtu ameielewa.

Kesho asubuhi anza na masijala ya mahakama: omba kwa barua nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, na barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kutoka hapo nenda kwa wakili wa serikali hata kama nakala haijatoka. Ukihitaji wa kukuandikia barua, wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, hawatozi fedha, ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuelekeza. Hukumu ukiipata, nitumie kurasa za uchambuzi wa ushahidi, ukiwa umefuta majina yote, nami nitazisoma pamoja nawe.